Mazungumzo ya Historia Vijijini Yaanzie 1974

Ratiba ya kawaida ya kikundi cha historia katika kijiji cha Kusini mwa Tanzania hufuata mfuatano wa kitabu cha shule. Kikao cha kwanza ni masultani wa Kilwa Kisiwani na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331. Cha pili ni Wareno na ngome yao ya 1505. Cha tatu ni misafara ya watumwa na pembe iliyoishia Kilwa Kivinje. Cha nne ni Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani na kunyongwa Kivinje mwaka 1895 kwenye mti uliobaki na jina la Mwembe Kinyonga. Cha tano ni Maji Maji, vita vya 1905 dhidi ya Wajerumani. Hapo Oktoba imeshaingia, korosho zinadondoka, wenye mashamba wamehamia madunguni, na msimu wa mazungumzo umekufa wenyewe. Kuhamishiwa watu kwenye vijiji vipya mwaka 1974, jambo ambalo wazee waliokaa mkekani walilipitia kwa miguu yao wenyewe, hakukufikiwa.

Tunasema ratiba hiyo imepangwa kinyume. Kikundi chenye vikao vitano tu kwa mwaka kinapaswa kuanza na yale ambayo walio hai waliyaona, kisha kirudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu. Masultani wakae mwisho. Hatuidharau Kilwa ya kale kwa kusema hivyo. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, yamechimbwa na kuandikwa na wataalamu, na yana walinzi. Majalada ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwakani yatakuwa pale pale. Mzee wa miaka 82 hana uhakika huo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake vijijini kukusanya ushuhuda wa wazee kuhusu Maji Maji. Aliyekuwa na miaka 20 Wamatumbi walipong'oa pamba kule Nandete na kuanzisha vita hivyo, mwishoni mwa Julai 1905, alikuwa na 83 wanafunzi wale walipofika. Kazi ile ilichukua mavuno ya mwisho. Ingecheleweshwa miaka kumi, tungebaki na barua za maofisa wa Kijerumani na maandishi ya wamisionari, basi. Sasa mhesabu mtu aliyekuwa na miaka 30 wakati wa Operesheni Vijiji, yaani kuhama kule kwa 1974. Ameshavuka 80. Yuko mahali pale pale alipokuwa shahidi wa Maji Maji mwaka 1968, na safari hii hakuna chuo kinachomtuma mtu kwake. Waliopo ni wanakijiji wenzake na simu zao.

Na kuna mengi ya kumuuliza. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Sheria ya 1975 ikavipa vijiji hivyo uandikishaji na serikali zake. Maana yake ni kwamba vijiji vingi tunavyoviita vya asili, vyenye mwenyekiti, ofisi na muhuri, vina umri wa miaka 50 na ushee tu. Kabla ya hapo watu waliishi kwenye vitongoji vilivyotawanyika, karibu na mikorosho yao, kisima chao na makaburi yao. Leo vitongoji hivyo ni mahame. Jina la kila hame, nani alikaa wapi, njia ilipita wapi, kisima kilichimbwa na nani: hayo hayamo kwenye jalada lolote. Yamo vichwani mwa watu wachache wanaohesabika.

Chukua korosho peke yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Vitabu vinataja sababu kadhaa: wakulima kuhamishwa mbali na miti yao, bei ndogo, vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, na ugonjwa wa ubwiri unga uliosambaa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinachokosekana ni uwiano wa sababu hizo katika kijiji kimoja kimoja. Shamba lililobaki kilometa mbili kutoka kijiji kipya liliendelea kupaliliwa? La kilometa nane liliachwa mwaka gani? Moto wa nyika uliingia lini? Nani alianza kupuliza salfa, dawa ya ubwiri unga, na aliipata wapi? Maswali hayo bibi aliyekuwa akiokota korosho mwaka 1975 anaweza kuyajibu kwa dakika kumi, na jibu lake linakamilisha kile takwimu za taifa zilichoacha wazi. Hiyo ndiyo historia ambayo kijiji pekee kinaweza kuiandika.

Tukikubaliana hapo, kazi inayobaki ni ya mikono, nayo huanza na kalenda.

Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kumalizika Mei. Korosho huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Dirisha lililo wazi ni Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma na barabara zikiwa kavu. Tatizo la miezi hiyo ni ngoma za jando na unyago, kwa hiyo muulizeni ngariba na makungwi kabla hamjatangaza tarehe. Kikao kikigongana na ngoma, kitabaki na viti. Ramadhani nayo huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Kwa sasa haigusi dirisha hili, lakini Iddi na Maulidi zitazamwe.

Ndani ya mwezi, chagueni usiku wa tarehe 13 hadi 16 za mwezi wa Kiislamu. Sababu ya kwanza ni mbalamwezi: wazee watarudi nyumbani bila tochi. Ya pili ni kubwa zaidi kwa vijiji vya pwani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na taa haivuti samaki mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo siku hizo wako nchi kavu. Kikundi kinachopanga vikao vyake Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kizungu kinawapoteza wavuvi mara nyingi, na baadaye kinasema wavuvi hawapendi historia. Muda mzuri ni saa 2 usiku, baada ya Isha, hadi saa 3 na nusu. Mzee akipitisha hapo, kinachoongea ni uchovu.

Juu ya mahali, tuna msimamo: chini ya mwembe au kwenye baraza, si darasani. Darasa lenye paa la bati na kuta tupu hurudisha sauti, na kinasa sauti huvuna mwangwi. Zaidi ya hapo, darasani wazee hukaa kwenye madawati ya watoto wakitazama ubao, nao huanza kujibu kama wanafunzi. Ubaya wa nje ni upepo wa kusi, na dawa yake tutaisema hapa chini.

Kikao cha jioni kisianze jioni. Asubuhi ya siku hiyo watu watano au sita, wakiwemo wazee wawili wanaoweza kutembea na vijana wenye simu zenye ramani, waende kwenye hame moja. Hame hutambulika kwa mbali: mstari wa miembe mikubwa, mikorosho iliyozeeka, mnazi wa peke yake, vigae, kinu kilichovunjika, makaburi. Kila mahali mzee anaposimama na kutaja jina, kijana aweke alama kwenye simu na kuandika jina hilo kama lilivyotamkwa, kwa Kimatumbi, Kimwera au Kimakonde. Asilisahihishe liwe Kiswahili. Jina la kisima kwa lugha ya wenyeji mara nyingi limebeba habari ya aliyekichimba au ya mti uliokuwepo, na ukilitafsiri habari hiyo inapotea. Makaburi yahesabiwe na kupigwa picha, ila pasiguswe kitu na pasifukuliwe kitu. Vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964.

Usiku, ramani ya asubuhi inarudi. Gundisheni karatasi za manila nne kuwa moja, itandikwe kwenye mkeka katikati ya watu, juu yake ichorwe barabara, kijito na miembe tu. Nyumba ziachwe. Wazee watazichora wenyewe kwa maka peni, au watamwelekeza mjukuu achore. Hapa ndipo mkutano unapochangamka, kwa sababu mmoja ataweka nyumba ya fulani mashariki ya njia na mwingine atakataa. Msiharakishe kuwapatanisha. Andikeni zote mbili, na jina la kila msemaji pembeni. Watu wawili waliokaa hame moja wakitofautiana juu ya njia, huenda njia zilikuwa mbili, ya kiangazi na ya masika.

Tarehe ni shida nyingine. Kumuuliza mtu "ilikuwa mwaka gani?" humfanya akisie, na makisio huangukia miaka maarufu, 1961 au 1967. Ulizeni kwa vigingi. "Bibi, siku ile mnahama, mtoto yupi alikuwa mgongoni?" Mtoto huyo ana cheti cha kliniki au kadi ya mpiga kura. "Mzee wangu, tufani la Lindi lilikukuta wapi?" Tufani lile ni la Aprili 1952. Vigingi vingine vya Kusini ni kambi ya Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, kule Nachingwea na uhuru wenyewe wa Juni 1975, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mvua za El Nino za 1997 na 1998. Waliosoma madrasa na kuhifadhi tarehe za Hijria wasaidiwe kwa hesabu hii: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Mwaka 1394 unatoa 1974. Inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, ila kwa kazi hii inatosha.

Kila habari ifuatwe na maswali mawili mafupi: ulikuwepo, au uliambiwa? Kama uliambiwa, na nani? Vikundi vingi huyaacha kwa kuona haya, kana kwamba ni kumtilia mzee shaka. Kinyume chake, ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu yanamtenganisha mzee aliyeona na kijana aliyesoma. Maji Maji ni mfano mzuri. Ushuhuda wa zamani unamtaja Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Tamthilia iliyosomwa shuleni kwa miaka mingi inamwita Kinjeketile. Msimulizi anayetamka jina la pili, na kumpa mganga yule hotuba ndefu za umoja, yawezekana anarudisha kile mtoto wake alichosoma kwa sauti nyumbani. Hajadanganya. Lakini kikundi kikiandika kwamba ni mapokeo ya ukoo, kosa ni la kikundi.

Sasa kinasa sauti, mahali ambapo msimu mzima huweza kuharibika bila mtu kujua hadi Desemba. Simu ya kawaida inatosha, kwa masharti. Iwekwe hali ya ndegeni ili isikatishwe na mwito. Irekodi kwa muundo wa WAV, hezi 44,100, biti 16, njia moja (mono). Hiyo hula takriban megabaiti 320 kwa saa, kwa hiyo vikao vitano vya saa moja na nusu ni kama gigabaiti 2.4, na flashi ndogo kabisa ya dukani inavibeba vyote. Simu isiwe mezani, kwa kuwa kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama mlango. Ilazwe kwenye kitambaa kilichokunjwa, nusu mita kutoka mdomoni mwa msemaji. Upepo wa kusi unazuiwa kwa soksi nene iliyovishwa kwenye maiki. Tumieni simu mbili, ya pili ikiwa upande wa wasikilizaji, kwa sababu nusu ya dhahabu hutoka kwa mtu aliyekaa nyuma akisema "hapana, huyo alikuwa mdogo wake."

Spika na jenereta tunazikataa moja kwa moja kwa mkutano wa watu 60. Jenereta hunguruma chini ya kila neno, na sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye spika ni ya kopo. Isitoshe, spika humgeuza mzee kuwa mhutubu.

Mwanzo wa kila rekodi mtu mmoja aseme tarehe, mahali, mada na majina ya wasemaji, kisha mwenye kusema aseme mwenyewe kwamba anajua anarekodiwa na anaruhusu nini: isikilizwe kijijini tu, ipelekwe shuleni, iwekwe mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani, na sauti yenye jina na ukoo ni taarifa. Wakati mazungumzo yanaendelea, kijana mmoja akae na kaunta buku na saa, aandike kila baada ya dakika tano: dakika ya 15, kuchomwa kwa nyumba, dakika ya 20, kisima. Kuandika rekodi yote neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita kwa kila saa moja, na wengi wanaoanza hivyo huishia kikao cha kwanza. Daftari la dakika linamalizika usiku ule ule, na anayetafuta habari ya kisima ataipata. Kesho yake faili lipewe jina lenye mwaka, mwezi, siku na mahali, linakiliwe kwenye flashi mbili, moja ikae shuleni, nyingine nyumbani kwa katibu, na nakala ya tatu iende mjini au mtandaoni. Flashi iliyobaki kwenye droo moja ya ofisi ya kijiji, na mchwa wetu hawa, ni sawa na kutokurekodi.

Yapo mambo ya watu pia, na haya ndiyo magumu.

La kwanza ni mgeni rasmi. Akishaalikwa, itifaki, risala na neno la shukrani vinakula dakika 40 za 90, na wazee wanasinzia. Viongozi waalikwe kama wasikilizaji. Mwenyekiti wa kijiji afungue kwa sentensi mbili, akae.

La pili ni wanawake. Kikao cha usiku chenye wanaume mbele kitakupa habari za amri, malori na viongozi. Kuhama kwenyewe, yaani nani alibeba kinu, maji yalichotwa wapi wiki ya kwanza, wajawazito walilala wapi kabla nyumba hazijasimama, hujui mpaka ukae na kina mama. Haitoshi kuwaambia wachangie. Fanyeni baraza lao mchana, kwenye ua wa mmoja wao, aliyeshika simu akiwa binti, siku moja kabla ya kikao cha usiku. Wenye kutaka watarudia maneno yao usiku. Wasiotaka, sauti yao ichezwe kama wameruhusu.

La tatu ni ardhi, nalo linaweza kuvunja kikundi. Ukichora hame na kuandika "kwa fulani," mwezi ujao mjukuu wa fulani atakuja na picha ya manila kudai shamba. Kanuni itangazwe kila usiku kabla ramani haijafunguliwa: tunaandika nani alikaa, hatuandiki nani anamiliki. Migogoro ina baraza lake la ardhi kijijini, chini ya sheria ya 1999, na manila hii si ushahidi wake. Kikundi kikatae kutoa nakala kwa upande mmoja wa kesi. Kama hame lina kesi inayoendelea, liachwe, lichukuliwe jingine.

La nne ni asili za watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa, na karibu kila mji wa pwani una familia ambazo watu hunong'ona habari zao. Hakuna historia inayolipia aibu ya mtoto kutajwa mbele ya kijiji kwamba babu yake alinunuliwa. Biashara yenyewe izungumzwe wazi, njia zake, bei zake, mwisho wake. Nasaba ya mtu aliye hai isitajwe na mwingine. Mwenyewe akitaka kuisimulia, arekodiwe faragha, na ruhusa iandikwe. Hali ni hiyo hiyo kwa wajukuu wa maakida, watawala wadogo wa Kijerumani, na askari waliokuwa upande wa Wajerumani 1905.

Posho? Msilipie maneno. Mkianza kulipa, msemaji mzuri wa leo atakuwa na hadithi ndefu zaidi kesho. Nauli ya anayetoka mbali irudishwe, kahawa na kashata ziwepo, au chai: kwa watu 60 ni lita 12 na sukari kilo moja. Malipo yanayostahili ni mengine, na tutayafikia.

Kuna hoja inayotupinga, nayo ina uzito. Wanasema vijana huja kwa ajili ya Maji Maji, hawaji kwa ajili ya mikorosho. Na tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aombe radhi kule Songea Novemba 2023 kwa maovu ya vita hivyo, kijiji cha Umatumbini kinachokaa kimya juu ya 1905 kitaonekana kimejisahau. Hatusemi kikae kimya. Tunasema Maji Maji iwe kikao cha nne, na iendeshwe kwa namna tofauti: isomwe kutoka ushuhuda uliokusanywa 1968, sehemu inayohusu eneo lile, na wasikilizaji waulizwe nani anayatambua majina ya watu na mahali. Wakishazoea vikao vitatu vya kuuliza "nani alikuambia," hawatapokea tena hotuba. Kuhusu vijana, wanaonekana kuchoshwa na mikorosho kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba pale wanapochungia mbuzi palikuwa na nyumba 40 na msikiti.

Kikao cha tano ni cha kurudisha. Ramani za manila zilizokamilika zitundikwe, rekodi fupi zichezwe, na kila msemaji au mtoto wake apewe flashi yenye sauti yake pamoja na karatasi moja ya daftari la dakika. Ifanyike kabla ya korosho. Usiku huo huo katibu asome orodha moja: wazee wa kijiji waliopita miaka 75 ambao hawakufika hata mara moja, kwa ugonjwa, macho au miguu. Vijana wagawane majina, wawili kwa kila nyumba, wakianza na mkubwa kuliko wote kwa umri, na tarehe ya kumtembelea iandikwe mbele ya jina lake kabla watu hawajaondoka.